Povu la Ukurasa wa Kwanza

Ukifika Kasongo ukauliza nyumba ya Radjabu mwandishi wa gazeti, watu watakutazama tu, lakini uliza nyumba ya Jurnalisti wa Muhogo uone, hata muuza karanga ataacha biashara yake akulete mpaka mlangoni kwangu, tena akicheka njia nzima. Hilo ndilo jina langu siku hizi. Nimeligombania, nimenuna, nimebadilisha hata njia ya kwendea msikitini ili nisipite pale wanapokaa vijana wa pikipiki, wapi, jina limeshika. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana sokoni wameshaongeza kwamba siku ile nilitumbukia majini, na hilo si kweli (ingawa kuna dakika nilitamani nitumbukie nisionekane tena).

Kazi inayonilisha ni kibanda changu cha kuchaji simu na kupiga picha za kadi. Uandishi ni mapenzi. Kuna gazeti dogo linalochapwa Kindu, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, linatoka pale karatasi na wino vinapokubali kukutana, na mimi ndiye jicho lake huku Kasongo na Kabambare. Sasa niwaambie ukweli kuhusu sisi watu wa magazeti: kwetu maendeleo ni utepe. Pasipo na utepe na mheshimiwa aliyeshika mkasi, hatuendi. Kuna kisima nimekiandika kila kilipozinduliwa, na kimezinduliwa zaidi ya mara moja, lakini hakuna aliyewahi kunituma nirudi kuangalia kama kinatoa maji (hakitoi). Na mazingira kwetu ni mche wa mti: mheshimiwa anashika jembe, tunapiga picha, tunapewa soda, na mbuzi amesimama pembeni anasubiri tuondoke.

Ndiyo maana habari ya kijito ilipokuja niliishika kwa mikono miwili. Juu ya Wamaza, upande wa kwenda Salamabila, watu walikuwa wameleta mashine za kunyonya mchanga wa dhahabu kutoka ndani ya maji. Kijito kimekuwa chekundu, mafuta yanaelea juu, samaki hawaonekani tena, na watoto wa vijiji vya karibu wanaumwa matumbo. Nilizungumza na wachimbaji, nikazungumza na muuguzi, nikazungumza na wanawake waliohamisha mahali pa kuteka maji, na wote walisema neno lile lile. Na kijito hicho kinashuka mpaka kijiji cha wazazi wa mke wangu Mwamini. Uchafu ulikuwa haujafika kwao bado, lakini ulikuwa njiani, na maji hayo ndiyo wanayokunywa. Kwa hiyo hii haikuwa habari ya utepe. Serikali ya jimbo ingetuma watu wakaona kwa macho yao, pengine mashine zingesimamishwa mapema.

Nikaandika. Wallahi niliandika vizuri, kila neno kweli. Mkubwa wangu wa Kindu, ambaye sote tunamwita Shefu, akanipigia simu.

"Radjabu, habari iko muzuri sana. Lakini foto iko wapi?"

"Shefu, mvua ni nyingi, barabara..."

"Bila foto naiweka nyuma kabisa, chini ya matangazo ya matanga. Ukileta foto, iko ukurasa wa kwanza. Fanya mbio."

Ukurasa wa kwanza! Nikamtafuta Musafiri, motari wangu wa siku zote (motari ndiyo jina letu la mwendesha pikipiki wa kukodi), tukaondoka na koti la mvua moja kati ya watu wawili. Tulianguka, tukasukuma, tukaanguka tena, na tulipokipita kidogo tu kijiji cha wakwe zangu tukakuta daraja la magogo limechukuliwa na maji. Musafiri akazima pikipiki, akanitazama.

"Jurnalisti, mimi niko na watoto. Hapa hapana kupita."

Tukageuza. Hapo ndipo ulipokuja uamuzi mdogo ulioniharibia jina, na kwanza lazima niwaeleze mambo ya ukwe. Kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamekaa chini ya paa moja. Na mkwe haingii kijijini mikono mitupu. Mimi siku hiyo nilikuwa na simu na matope tu, kwa hiyo nikaona nisiingie kusalimia kabisa, nipite kama mwizi. Nikamwambia Musafiri aningoje barabarani, nikateremka kwa kijia mpaka kwenye kiziwa ninawe uso.

Kiziwa kile kiko pembeni ya kijito, na ndimo wanawake wa kijiji wanamoloweka muhogo. Ninyi wa huku mnajua, lakini kwa asiyejua: muhogo mchungu haupikwi hivi hivi, unamenywa, unazamishwa majini, unafunikwa majani na kukandamizwa kwa mawe, unaachwa mpaka ulainike na uchungu wake utoke, ndipo unaanikwa na kutwangwa unga wa bugali. Unapolowekwa, maji yanakuwa ya kijivu, yanatoa povu jeupe, yananuka, na visamaki vikikaribia sana vinalala tumbo juu. Ni mambo ya siku zote, hakuna anayeshtuka.

Msiniambie sikujua. Nilijua! Bugali ya siku ya arusi yangu ilitoka kwenye kiziwa hicho hicho. Lakini nilisimama pale nimelowa, hakuna mtu, povu limejaa, visamaki vimegeuka, na simu mfukoni. Nikaondoa majani yaliyofunika muhogo, nikasukuma mawe mawili matatu yasionekane, kikapu nikakitupa kichakani, nikachutama, nikapiga. Nikajiambia kwamba maneno ndiyo habari na picha ni pambo tu, na pambo halimdhuru mtu. Nikapanda kwa Musafiri nikiwa na furaha ya kijinga ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kujipiga kofi.

Gazeti lilitoka na picha yangu imejaa ukurasa mzima, juu yake maneno makubwa mekundu: KIJITO CHA SUMU. Na chini: picha ya mwandishi wetu. Jamani, nilivimba. Baada ya swala watu walinishika mkono, mwenye duka la vitenge akaibandika picha ukutani, wanafunzi wa shule ya mapadri walinipisha njiani, na picha ikazunguka katika simu za watu mpaka ikanirudia mwenyewe kutoka kwa shemeji aliyeko Bukavu. Nilianza kutembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuniona.

Mwamini peke yake ndiye aliyelitazama gazeti kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya jiwe moja lililoonekana pembeni, jiwe la kufulia nguo.

"Baba Sakina, hii haiko kiziwa ya mama?"

"Mawe yote yanafanana," nikasema, nikaenda kuoga ingawa nilikuwa nimeshaoga.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuporomoka. Watu wa baiskeli, wale wanaonunua unga wa muhogo vijijini na kuusukuma mpaka Kasongo, waliacha kwenda kule, maana sokoni kila mwanamke aliyeshika unga aliuliza kwanza: "Huu ni wa wapi? Si wa kule kwa sumu?" Unga wa kijiji cha wakwe zangu ukakaa kwenye magunia mpaka ukaota ukungu. Habari hizo zilimfikia Mwamini kwa mdomo wa wasafiri, naye akawa ananipakulia chakula na kunitazama ninavyokula. Hapo ningeweza kusema. Ilikuwa ni kusema tu: nimekosea, picha si yenyewe, maneno ndiyo yenyewe. Lakini jina jipya lilikuwa tamu, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kisha komisiyo, tume ya uchunguzi, ikatoka Kindu. Yaani gazeti letu la soda na mbuzi liliamsha watu wa jimbo! Aliyeiongoza alikuwa mama mmoja mnene, mpole, aliyejifunga kitambaa kizuri kichwani, sisi tulimwita Madame tu, naye alileta sanduku la chupa za kuchukulia maji ili yapelekwe kupimwa. Pamoja nao walikuja mapolisi wa ulinzi, na mtu wa wenye mashine, kijana wa buti safi, eti kushuhudia kwamba haki inatendeka. Na mimi nikaitwa niwe kiongozi wa njia.

Mpango wangu ulikuwa mmoja: niwapeleke moja kwa moja juu, kwenye mashine (daraja lilikuwa limeshatengenezwa), waone ukweli wenyewe, kiziwa tukipite bila kusimama. Wangefika juu wangesahau hata kama kuna picha. Lakini Madame alikuwa ameliweka gazeti ndani ya plastiki lisilowe, akaligonga kwa kidole.

"Tuanzie hapa, pahali ya foto. Kisha tutapanda."

"Madame, pale ni mbali na barabara, tena maji yamepungua siku hizi, hakuna cha kuona..."

"Mbali?" Ni Musafiri huyo, ambaye pia alikodiwa kwenye msafara, anacheka kwa fahari yake yote. "Madame, mimi mwenyewe njo nilimubeba siku ile! Pahali naijua, iko karibu tu. Munifuate!"

Akawasha pikipiki, na msafara mzima ukamfuata, na mimi nikiwa nyuma yake nimemshika kiuno, natamani gurudumu lipasuke. Halikupasuka.

Tulipoteremka kile kijia nilisikia wanawake wanaimba. Walikuwa wengi, wamesimama ndani ya maji mpaka mapajani, wanatoa muhogo na kuujaza kwenye vikapu, povu limewazunguka. Na katikati yao, na nguo ya kazi imefungwa juu ya magoti, alikuwa mama mkwe wangu.

Sasa niambieni mngefanya nini. Mkwe hapaswi kumwona mama mkwe hivyo, kwa hiyo nikageuka haraka nikawapa wote mgongo, nikavuta kofia mpaka puani, nikasimama naangalia mti. Komisiyo nzima imesimama ukingoni, na kiongozi wa njia anaongea na gome la mti.

"Jurnalisti," Madame akasema nyuma yangu, "tuonyeshe. Sumu iko wapi?"

"Iko... iko pande hizo, Madame."

"Geuka basi, tunasema na weye."

Sikugeuka. Wanawake wakanyamaza. Nikasikia maji yakichezwa, mtu anatoka, anajifunga nguo vizuri, kisha sauti ninayoifahamu, taratibu kabisa, haina hata chembe ya hasira:

"Madame, karibu kwetu. Hawezi kugeuka, juu mimi niko mama mukwe wake. Unisaidie, umuambie mukwe wangu kama namusalimia."

Madame akaelewa, maana na yeye ni mtu wa Maniema, jimbo letu. "Mama anakusalimia," akasema.

"Mwambie nashukuru," nikauambia mti.

"Umuambie tena, siku alikuja hapa na simu yake, mimi nilikuwa hapa. Nilisikia pikipiki, nikamuona anashuka, nikakimbia kujificha kwa majani, asinione na nguo ya kazi. Nilimuona anaondoa majani juu ya muhogo yangu. Nilimuona anasukuma mawe. Muhogo ingine ilienda na maji, na kikapu nilikikuta kwa miiba. Nikasema, labda anapiga foto ya kumuonyesha mutoto wangu kiziwa ya kwao. Nikafurahi."

Hapo Madame hakuupitisha ujumbe. Hakukuwa na haja. Nilisikia plastiki ikichakarishwa, wanalinganisha gazeti na kiziwa, jiwe la kufulia hili hapa, povu hili hapa, kisha kijana wa buti safi akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mdomo wote, na mapolisi wakacheka, na Musafiri naye (rafiki yangu!) akacheka mpaka akashika usukani wa pikipiki asianguke.

"Kumbe sumu ni muhogo!" yule kijana akasema. "Mama, munakula hii sumu?"

"Leo mangaribi tutaikula," mama mkwe akajibu. Kisha sauti yake ikabadilika, na ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo. "Lakini Madame, wasicheke. Kule juu maji imeharibika kweli. Ndugu zetu wa kule wanashuka kuteka kwetu. Itafika na hapa. Mupande, muone na macho yenu."

Yule kijana hakusubiri hata amalize. "Na huyu mama ni nani? Si amesema mwenyewe, ni mama mukwe wa jurnalisti! Familia moja, Madame. Moja analeta foto, mwingine analeta ushahidi."

Ndugu zangu, nimeaibika mara nyingi maishani, lakini si kama pale. Alikuwa amejitaja kuwa mkwe wangu kwa heshima tu, ili watu wasinione mwenda wazimu ninayeongea na mti, na heshima hiyo hiyo ndiyo waliyotumia kumziba mdomo. Nikageuka. Mila nikaiacha pale pale, nikageuka nikiwa nimeinamisha macho chini, nikamwambia Madame, "Picha ni uongo wangu mimi peke yangu. Lakini niliyoandika ni kweli yote. Tupande, nakuomba."

Alinitazama, na hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Ile yote uliandika iko kweli?"

"Iko kweli, Madame. Kila neno."

"Na foto ilikuwa chini ya maneno gani? Kijito cha sumu. Hiyo nayo uliandika weye."

Maneno yale mekundu aliyaandika Shefu, lakini ningesema hivyo ningekuwa mdogo zaidi kuliko nilivyokuwa. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Salamabila, kijana wa buti safi anatazama saa yake, polisi wanataka kurudi. Madame akajaza chupa zake palepale kiziwani, kwa sababu barua iliyomleta ilisema achukue maji ya mahali pa picha, wakapanda pikipiki, wakarudi. Baadaye tulisikia ripoti imesema maji hayana tatizo, ni ya kulowekea muhogo, na mwandishi aonywe. Gazeti letu likaomba radhi kwa wenye mashine. Ukurasa wa kwanza.

Wanawake waliinama tena kuendelea na kazi. Mama mkwe aliokota kofia yangu iliyokuwa imeanguka nilipogeuka, akaitundika kwenye tawi nitakapoifikia, akaingia majini.

Sasa cheko limebaki Kasongo, na mimi nimelizoea. Vijana wa pikipiki wakiniona wanauliza kama leo kuna sumu ya kula na samaki au na sombe, majani ya muhogo huo huo, nami nacheka nao. Nikipiga picha siku hizi sigusi kitu, hata kama kuna kiatu kibovu katikati nakiacha, na wateja wa kadi wananilalamikia kwamba siwaambii waweke kola vizuri. Sitaondoa tena jani juu ya muhogo wa mtu. Lakini nani anayehitaji kiapo changu sasa? Wangekihitaji siku ile nilipomwacha Musafiri barabarani.

Maana uchafu ulifika. Mvua zilizofuata ziliushusha mpaka kiziwani, maji yakawa mekundu, mafuta yakaelea juu, na muhogo ukitolewa unanuka petroli, huwezi hata kumpa nguruwe. Wanawake wameacha kiziwa, wanakwenda na vikapu vyao mpaka kijito kingine nyuma ya kilima, na maji ya kunywa wanasubiri mvua. Nilikwenda na Mwamini, safari hii na sukari na kitenge cha mama, nikasimama mahali pale pale nilipochutama, nikapiga picha bila kugusa hata unyasi. Nikaituma kwa Shefu hapo hapo nilipopata mtandao.

Akajibu haraka. "Radjabu, muhogo tena? Hapana, ndugu yangu. Watu watatucheka."

Jioni hiyo tulikaa kwa wakwe zangu, mimi na baba mkwe nje, Mwamini mlangoni, na mama yake ndani, nyuma ya ukuta, kama inavyopaswa. Nikamsikia anasema kwa sauti ile ile ya taratibu:

"Mwamini, umuambie bwana yako, ile foto yake sasa imekuwa ya kweli. Aipige, aitume kwa jurnali yake."

Mwamini akanigeukia, ananingoja. Yeye alikuwa ameshalisoma jibu la Shefu kwenye simu yangu.

"Mwambie mama nimeshaituma," nikasema.

Akamwambia. Ndani nikamsikia mama mkwe anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Muzuri," akasema. "Basi watakuja."